Tandiko la kizimba cha nyoka

Tandiko la kizimba cha nyoka ni tabaka linalofunika sakafu ya kizimba cha nyoka anayefugwa. Hufyonza kinyesi, huhifadhi unyevu na humpa nyoka mahali pa kujificha.

Uchaguzi hutegemea spishi. Kifutu, nyoka wa nyika, huhitaji tandiko kavu. Chatu, apendaye kando ya maji, huhitaji unyevu kiasi. Unyevu ukizidi, ngozi ya tumbo hupata malengelenge na vidonda. Ukipungua mno, nyoka hushindwa kujivua gamba vizuri.

Magazeti ni rahisi kubadilisha na hufaa kwa nyoka mgonjwa au mgeni. Makumbi ya nazi yaliyosagwa hutunza unyevu. Maranda hufaa yakiwa makavu na yasiyo na vumbi. Ya miti yenye mafuta ya harufu kali, kama mtarakwa wa nyanda za juu za Ngorongoro nchini Tanzania, huepukwa kwa sababu yanaweza kudhuru mapafu. Mchanga na pumba za mpunga huweza kumezwa pamoja na windo na kuziba utumbo.

Hali ya hewa ya mahali pia huzingatiwa. Mji wa Karatu na ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio juu ya mita 2,000, huwa na usiku wa baridi. Huko tandiko pekee halitoshi kumpa nyoka joto. Chanzo cha joto huhitajika.

Nchini Tanzania, kumiliki nyoka wa porini kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.