Toll: Kutoka kwa Inzi hadi kwa Binadamu

Awali, protini ya Toll ilijulikana kwa kazi moja: kutenganisha mgongo na tumbo katika kiinitete cha inzi wa matunda. Mwaka 1996, Bruno Lemaitre na wenzake katika maabara ya Jules Hoffmann, Ufaransa, walionyesha kuwa inzi wenye Toll mbovu huuawa na kuvu. Mwaka 1997, Medzhitov na Janeway walieleza protini ya binadamu inayofanana nayo. Mwaka 1998, kundi la Beutler lilibaini kuwa jamaa yake, TLR4, humwezesha panya kutambua sumu ya bakteria.

Tuzo ya Nobel ya 2011 iliwatambua Hoffmann na Beutler. Lemaitre na Medzhitov hawakuwamo. Tuzo ina nafasi chache. Historia haina kisingizio hicho.