Daktari Asiyekuwako

Ukipata kuitazama filamu iitwayo The Last King of Scotland, iliyotolewa mwaka 2006, utamwona kijana Mskoti, Nicholas Garrigan, akiwa tabibu na mshauri wa Idi Amin, aliyeitawala Uganda tangu 1971 hata 1979. Forest Whitaker, aliyemwigiza Amin, alitunukiwa tuzo ya Oscar, na kwa haki: ukali wake watisha, na ucheshi wake watisha zaidi.

Lakini huyo Garrigan hakupata kuishi duniani. Alibuniwa na Giles Foden katika riwaya yake ya 1998. Hilo si kosa. Mtungaji ana ruhusa ya kutuingiza ikuluni kwa mlango autakao. Taabu yaanzia kwa Kay, mmoja wa wake za Amin. Yeye alikuwa mtu hasa. Alipewa talaka mwaka 1974, na mwaka huo huo akafa, maiti yake ikaonekana imekatwa viungo. Mtu aliyehusishwa na kifo kile alikuwa daktari Mganda, naye alifariki siku zile zile. Katika filamu daktari huyo hayumo kabisa. Mahali pake amewekwa Garrigan, kuwa mpenzi wa Kay na sababu ya kuuawa kwake. Tena kifo chenyewe kimesogezwa karibu na mwaka 1976, wakati ndege ya mateka ilipokuwa Entebbe, ili Mskoti apate kutoroka pamoja na mateka walioachiliwa.

Basi mtazamaji asiyezijua tarehe hizi atatoka akiamini kwamba mama huyu alikufa kwa kumpenda mtu ambaye hakupata kuzaliwa.