Redio ya Gari Iliyoshuka Garini

Katika miaka ya 1960, aliyenunua gari jipya Marekani aliweza kulipia kifaa cha ziada cha kufungwa nyuma: kisanduku cha bati chenye springi ndefu ndani. Motorola waliuza chao kwa jina la Vibrasonic, Pontiac wakawa na Verba-Phonic. Sauti ya redio iligeuzwa kuwa mtetemo, ikapita kwenye springi, ikafika upande wa pili imechelewa sehemu ndogo ya sekunde, ndipo ikatolewa na spika ya nyuma wakati ile ya mbele imekwisha kutangulia. Sikio likadanganyika: wimbo wa stesheni ya kawaida ukasikika kana kwamba unapigwa ukumbini.

Adui wa kifaa hicho alikuwa shimo la barabarani. Gurudumu likitumbukia, springi zilijigonga na spika ikanguruma kama radi. Anayetaka kujua kwa nini kisingedumu Kivu, mashariki mwa Kongo, apande gari Bukavu aelekee Kamituga. Ni kilomita 180 hivi, kupitia Walungu na Mwenga, na masika yakikolea malori hulala kwenye tope siku baada ya siku.

Redio yenyewe, hata hivyo, ilidumu. Nathubutu kusema ilipata maisha marefu zaidi huku kuliko kule ilikozaliwa, na sababu ni umeme.

Mwaka 1930 Paul Galvin wa Chicago aliendesha gari hadi Atlantic City, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na kibanda cha maonyesho, basi akaegesha nje na kufungulia sauti wapita njia wasikie. Redio hiyo aliipa jina la Motorola. Redio za gari za wakati huo zilitumia vali za kioo zilizodai volti nyingi kuliko batri ya gari ilivyoweza kutoa, kwa hiyo zilibebeshwa batri za ziada. Baadaye kikaja kifaa cha kukatakata umeme wa batri ili transfoma iupandishe. Kilivuma bila kukoma, na batri iliisha upesi. Ukombozi ulikuja mwaka 1955, Chrysler na Philco walipotangaza redio ya gari ya transista tupu, kwa dola 150. Kuanzia hapo, redio ya gari ilikuwa chombo cha umeme mdogo, kilichozoea vumbi na mtikisiko. Nyumba nyingi za Kamituga zilikuwa zinahitaji chombo cha namna hiyo hasa.

Mji huu ulikua juu ya dhahabu, kwanza chini ya kampuni ya Minière des Grands Lacs, kisha SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976. Serikali ilikuwa mbali, na sauti yake ilitoka mbali vilevile: Radio Congo Belge ilianza Léopoldville mwaka 1940, upande wa pili wa nchi. Milima huzuia mawimbi ya FM, lakini masafa mafupi hupanda angani na kurudishwa chini mbali sana. Kwa njia hiyo Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza Juni 1957, na ya Deutsche Welle, iliyoanza 1963, ziliweza kusikika hata bondeni.

SOMINKI ilivunjwa mwaka 1997, katikati ya vita. Kampuni hufa na magari huchakaa, lakini gari likifa redio hung'olewa. Fundi huitia kwenye kisanduku cha mbao, huunganisha spika na batri ya volti 12, na nyumba ikapata muziki na habari. Batri ikichoka hupelekwa kuchajiwa kwenye jenereta, siku hizi kwenye paneli za jua. Na wale waliopenda sauti ya ukumbi hawakuhitaji springi za Pontiac. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu waliitumbukiza spika mdomoni mwa mtungi, udongo ukaongeza besi na mwangwi bila kula umeme wowote. Kwangu, huo ni ufundi wa daraja moja na ule wa Chicago, na unastahili kuandikwa katika historia hiyohiyo.

Kinshasa walikwenda mbali zaidi. Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa bendi ya Konono N°1, alitengeneza maikrofoni kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari makuukuu ili likembe, ala ya vibati inayopigwa kwa vidole gumba, isikike katikati ya kelele za jiji. Albamu yao Congotronics, ya mwaka 2004, iliipeleka sauti hiyo duniani. Mawangu alifariki mwaka 2015.

Ndani ya magari yenyewe mambo nayo yalibadilika. Kaseti ya Philips, iliyozinduliwa mwaka 1963, iliingia kwenye dashibodi kabla ya muongo huo kwisha, na madereva wakaacha kutegemea mawimbi. Kisha yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, na tatizo jipya. Kule FM ilikomea megahezi 90, wakati Kongo inafika 108. Dereva wa Bukavu, mji wenye Radio Maendeleo tangu 1993 na ambako Radio Okapi husikika tangu 2002, huweza kununua redio nzuri isiyofika sehemu kubwa ya FM. Dawa ni kibadilishi kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena. Hushusha masafa yote kwa kiasi kilekile, kwa hiyo namba inayoonekana kwenye dashibodi si ile anayoitaja mtangazaji, na dereva hulazimika kufanya hesabu ya kujumlisha kichwani huku akikwepa mashimo.