Samba: Kompyuta kuukuu inavyogeuka stoo ya mafaili ya ofisi

Ofisi nyingi ndogo, shule na steshenari bado zinahamisha mafaili kwa flashi. Leo bajeti iko kwenye flashi ya mhasibu, kesho flashi haionekani, keshokutwa imerudi na virusi. Hata isipopotea, baada ya wiki faili moja lina nakala nne na hakuna anayejua ipi ndo ya mwisho.

Dawa yake haihitaji mashine mpya. Kompyuta iliyochoka, ambayo Windows mpya imeielemea, ikiwekewa Linux (Ubuntu au Debian inatosha) pamoja na programu ya bure iitwayo Samba, inakuwa seva: stoo moja ambayo kompyuta zote za ofisi zinaifungua kama folda ya kawaida. Mafaili yanapita ndani ya ruta tu, kwa hiyo bando haliliwi.

Samba ilianzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi yake ni kuiwezesha mashine isiyo ya Windows kuongea SMB, lugha ambayo Windows hutumia kushea mafaili na printa. Jina lenyewe lilipatikana kwa kupekua kamusi kutafuta neno lenye herufi S, M na B. Ngoma ya Brazil haihusiki.

Kuiweka ni amri moja:

sudo apt install samba

Baada ya hapo inaundwa folda ya kazi na kundi la watumiaji:

sudo mkdir -p /srv/kazi
sudo groupadd ofisi
sudo chown root:ofisi /srv/kazi
sudo chmod 2770 /srv/kazi

Kisha kila mfanyakazi anasajiliwa. Mfano kwa mtumiaji anayeitwa asha:

sudo adduser asha
sudo usermod -aG ofisi asha
sudo smbpasswd -a asha

Mwisho, mistari hii inaongezwa chini kabisa ya faili /etc/samba/smb.conf:

[kazi]
path = /srv/kazi
valid users = @ofisi
read only = no
create mask = 0660
directory mask = 2770

Amri ya testparm hukagua kama kuna kosa la uandishi, halafu sudo systemctl restart smbd inaiwasha upya Samba. Kwenye Windows mtu anaandika \\192.168.1.10\kazi (namba hizo zinabadilishwa ziwe anwani ya seva husika) na folda inafunguka. Ni vizuri seva ifungiwe anwani moja kwenye ruta. La sivyo, siku umeme ukikatika na kurudi, inaweza kupewa anwani nyingine na ofisi nzima ikalalamika kwamba mafaili yamepotea.

Wengi hukwama kwenye ruhusa. Seva hii ina milango miwili, na kila mmoja una kufuli lake. Wa kwanza ni wa Samba, yaani mistari ya smb.conf. Wa pili ni wa Linux yenyewe, yaani zile amri za chown na chmod. Samba ikimruhusu Asha kuandika lakini Linux ikamkatalia, Asha haandiki. Ndiyo maana mtu anaweka read only = no, anaanzisha upya mara tano, na bado anaambiwa hana ruhusa. Kufuli lililomzuia liko mlango wa pili.

Paswedi nazo ni mbili. Ile ya smbpasswd inatunzwa peke yake, kwa hiyo mtu anaweza kuingia kwenye Linux vizuri kabisa na bado Samba ikamkatalia. Na ile 2 iliyo mwanzoni mwa 2770 isidharauliwe: inafanya kila faili jipya liwe mali ya kundi la ofisi. Bila hiyo, faili la Asha linaweza kugoma kufunguka kwa mwenzake.

Wenye haraka hufuta kero zote kwa chmod 777 na kuruhusu wageni waingie bila paswedi. Inafanya kazi, na ndiyo ubaya wake. Yeyote mwenye nenosiri la Wi-Fi, hata mteja aliyepewa aangalie barua pepe, anaweza kufuta mishahara ya mwezi mzima. Matoleo mapya ya Windows yenyewe huwa yanakataa kuunganishwa namna hiyo.

Simu nazo zinaingia. iPhone ina programu ya Files yenye sehemu ya kuunganisha seva tangu iOS 13, na kwa Android zipo programu nyingi za kusimamia mafaili zinazoijua SMB.

Kitu kimoja kisifanywe kabisa: kufungua mlango namba 445 wa ruta ili watu waingie kutoka nyumbani. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa duniani kupitia SMB ya zamani ya Windows, na mwezi huohuo tundu hatari liligunduliwa ndani ya Samba yenyewe. Anayetaka kufanya kazi akiwa mbali atumie VPN, na seva isasishwe mara kwa mara.

Halafu kuna bekapu. Kirusi kinachofunga mafaili ili mwenyewe alipe, kikiingia kwenye kompyuta moja ya Windows, kinayafunga pia yaliyo kwenye seva, maana mtumiaji huyo ana ruhusa ya kuandika. Nakala inayosalimika ni ile iliyo kwenye diski ya nje, iliyochomolewa na kufungiwa kabatini.