Msafara Uliobaki Bila Bwana

Mwaka 1635 Shogun Tokugawa Iemitsu wa Japani aliwaamuru watawala wa majimbo, wale daimyo, waishi Edo, makao yake (Tokyo ya leo), kwa zamu: mwaka huko, mwaka kwao. Wake na warithi walibaki Edo kama rehani. Kila safari ilikuwa ya mikuki, farasi, masanduku, matabibu na wapishi. Ukoo wa Maeda wa Kaga ulitembea na watu zaidi ya 2,000, na wanakijiji wakipisha kando ya njia. Baadhi ya wafuasi walikodiwa kwa muda tu, ili msafara uonekane mnene ukiingia mjini. Fahari hiyo ilikausha hazina za majimbo, na Shogun hakuona ubaya.

Misafara ya kutoka pwani yetu kwenda bara nayo ilikuwa na ngoma na bendera, kirangozi akitangulia. Lakini daimyo aliweza kupunguza wafuasi akafika. Huku, pagazi alipotua mzigo na kutoroka usiku, bwana hakuwa na nguo ya kununulia chakula wala mtu wa kumwonyesha njia. Ndiyo maana silipendi neno "watumishi" waliloandikiwa watu hawa vitabuni.

Mei 1873 David Livingstone, mpelelezi Mskoti, alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Samurai aliyefiwa na bwana kwa kawaida alikuwa na mrithi wa kumtumikia. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wa msafara wa Livingstone hawakuwa na yeyote wa kuwaamuru wala wa kuwalipa siku ile. Wakaamua wenyewe. Moyo waliuzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani, wakaufunga kwa magome na turubai. Penye hatari waliupitisha kama mtumba wa nguo. Walipofika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, Luteni Cameron, Mwingereza, aliwashauri wauzike hapo. Walikataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo.

Kwangu mimi, hakuna msafara wa daimyo unaofikia huu kwa heshima. Kule watu walimfuata mkubwa kwa amri. Hawa walimbeba wakati amri imekwisha.

Pwani walilipwa ujira, wakaachwa waende zao. Kati yao, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye mwaka huohuo, kaburi likiwa limekwisha kufunikwa.