Unene uliokithiri mkoani Mara
Unene uliokithiri ni mafuta kuzidi mwilini hadi kudhuru afya. Kwa mtu mzima wa mita 1.60, huanzia kilo 77 hivi. Huchochea shinikizo la juu la damu, kisukari cha aina ya pili, kiharusi na maumivu ya magoti. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya Watanzania wanawake wa miaka 15–49 wamezidi uzito. Mkoani Mara, Musoma na Bunda mjini ni rahisi kunenepa: kuna bodaboda na chipsi kila kona. Vijijini Butiama jembe bado linatoa jasho. Kitambi, bahati mbaya, bado husifiwa. Anayepunguza asilimia 5–10 ya uzito, yaani kilo 4.5–9 kwa mwenye kilo 90, hushusha presha na sukari. Ili kupungua, samaki kama sato achemshwe badala ya kukaangwa, tonge la ugali lipungue. Anayemeza dawa za kisukari amwone daktari kabla ya kupunguza chakula.