Nyerere na Wajerumani wawili

Februari 1965 Ujerumani Magharibi iliwaita nyumbani wakufunzi wake wa kijeshi waliokuwa wakisaidia kuunda kikosi cha anga cha Tanzania. Chanzo cha ugomvi kilikuwa Zanzibar.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, serikali ya Rais Karume wa Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikafungua ubalozi visiwani na kuanza kusaidia ujenzi, zikiwemo nyumba za Kikwajuni. Aprili Zanzibar ikaungana na Tanganyika, ambayo tayari ilikuwa rafiki wa Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi. Nchi changa ikajikuta na Wajerumani wa pande zote mbili. Bonn haikuweza kulivumilia hilo. Tangu 1955 ilifuata msimamo uliobeba jina la afisa wake wa mambo ya nje, Walter Hallstein: anayeitambua Ujerumani Mashariki ametenda uadui. Yugoslavia ilivunjiwa uhusiano 1957, Kuba 1963.

Rais Nyerere wa Tanzania alitafuta njia ya kati. Ubalozi wa Zanzibar ungefungwa, na Wajerumani Mashariki wangepewa ubalozi mdogo Dar es Salaam bila nchi yao kutambuliwa rasmi. Kwangu mimi, huo ulikuwa uamuzi wa haki: Wazanzibari walikwisha kutoa neno lao, na Muungano ulikuwa bado haujatimiza hata mwaka. Bonn ilikataa, ikakata msaada wa kijeshi. Nyerere naye akawaambia waondoe na misaada yao mingine ya kiserikali, maana hakukubali wafadhili wamchagulie marafiki. Kanada ndiyo iliyokuja kufundisha kikosi cha anga.

Gharama haikuwa ndogo. Mpango wa maendeleo wa miaka mitano ulioanza 1964 ulitegemea sana fedha za nje, na Desemba 1965 Tanzania ilivunja pia uhusiano na Uingereza kwa sababu ya mgogoro wa uhuru wa Rhodesia, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Azimio la Arusha la 1967, lililoonya kwamba kutegemea fedha za wageni kunahatarisha uhuru, liliandikwa na watu waliokwisha kuonja jambo hilo.

Tanzania iliadhibiwa kwa kukiri kwamba Ujerumani zilikuwa mbili. Desemba 1972 Bonn yenyewe ilitia saini mkataba wa uhusiano na Ujerumani Mashariki, na Septemba 18, 1973 zote mbili zikaingia Umoja wa Mataifa siku moja.